Barua ya "hatutaki maiti ipasuliwe" ifunge faili? Njooni tujadili

Wakuu salaam. Hili limegawa ukoo wetu na najua si sisi tu. Watu wawili wakikutwa wamekufa ndani ya nyumba na hakuna anayejua chanzo, familia iwe na haki ya kuandika barua kwamba hawataki uchunguzi wa maiti, wazike yaishe? Mi nasema hapana.

Kisa chenyewe ndo hiki. Baba mdogo na mkewe walikuwa wamepanga nyumba mji mmoja wa mpakani hapa Uganda, yeye mitumba, mke ana kibanda cha chakula. Asubuhi wapangaji wenzao wakaona kimya, mwenyekiti wa LC1 (serikali ya kijiji) akaitwa, polisi wakaja wakavunja mlango, wote wawili wako kitandani hawapumui. Kulikuwa na sigiri, basi afande mmoja akasema pale pale ni moshi wa makaa. Sawa, huo moshi unaua kweli, watu wanalala hawaamki. Ila jirani aliyeingia nao anasema sigiri ilikuwa barazani, simu zote mbili hazikuonekana, na hela ambayo baba mdogo alikuwa aende nayo Kampala kufunga mzigo haijulikani ilikoenda. Jioni wazee wakakaa, wakaandika barua, mwenyekiti akagonga muhuri, kesho yake tukazika. Faili lipo mpaka leo, ukienda kuuliza unajibiwa "si nyie wenyewe mlikataa postimotamu, sasa mnataka nini".

Kesi ya mauaji kortini inaitwa Uganda dhidi ya fulani, haiitwi ukoo wa fulani dhidi ya fulani. Sasa kama mwenye kesi ni Uganda, iweje wazee watatu waizime kwa kalamu ya shilingi mia tano? Sheria ya uchunguzi wa vifo tunayo tangu zama za mkoloni, hakimu anakaa kama korona (coroner, yaani mchunguzi wa vifo, siyo ule ugonjwa), anaita mashahidi, anaweza hata kuamuru kaburi lifukuliwe. Lini mara ya mwisho umesikia hakimu kakaa kusikiliza kifo cha muuza mitumba? Nataka hiyo iwe lazima, vifo vya mashaka vyote, familia ipende isipende. Pingeni.

Mnubi wa Bombo: Napinga. Pole kwa msiba kwanza. Lakini sisi kwetu maiti anazikwa upesi, na tumefundishwa kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuvunja wa aliye hai. Wewe unataka serikali imchukue mzazi wangu imlaze mochwari siku nne kwa sababu ya afande mvivu? Huyo afande ndo ashughulikiwe, muache maiti wangu.

Dada wa Jinja: Mnubi, hata masheikh wengi wanaruhusu panapokuwa na dharura ya kutafuta haki, usiseme kama ni haramu moja kwa moja. Na mtu akiuawa haki yake pia ni heshima yake.

Mnubi wa Bombo: Dharura sawa. Ila "lazima kwa wote" siyo dharura tena hiyo, ni amri.

Aliyefanya kazi mochwari: Acheni niwaambie kinachofanyika maana naona watu wanaongea juu juu. Aliyekufa kwa moshi wa makaa mara nyingi yale mabaka ya damu chini ya ngozi yanakuwa mekundu ya kung'aa, siyo ya zambarau kama kawaida, mtaalamu anaanza kushuku hata kabla hajashika kisu, halafu damu inapimwa inaonyesha. Kwa hiyo swali la sigiri lilikuwa linajibika siku ileile. Sumu nayo inatafutwa kwenye ini, tumboni, kwenye mkojo, sampuli zinapelekwa maabara ya serikali Wandegeya. Kinachoharibu ni ile dawa ya kuhifadhi maiti, ikishaingia mwilini vipimo vingi vinavurugika. Sasa muulize huyo mleta mada, marehemu walipigwa hiyo dawa kabla ya kusafirishwa?

Mleta mada: Walipigwa wote wawili. Na sisi tulilipia wenyewe, tukashukuru.

Boda Katwe: Nyie mnaota. Joan Kagezi alikuwa mwendesha mashtaka mkubwa wa serikali, alipigwa risasi Kiwatule Machi 2015, ndani ya gari na watoto wake wamo. Ofisi yake mwenyewe ndo yenye kazi ya kushtaki wauaji! Imechukua miaka kumi mpaka mmoja kukubali kosa 2025 akafungwa miaka 35. Wale wanawake zaidi ya 20 waliouawa Entebbe na Nansana 2017 familia ngapi zinajua nani alifanya? Halafu wewe unataka korona kwa ajili ya mitumba. Mzike, mlee watoto.

Dada wa Jinja: Boda hiyo hoja inakugeukia. Kesi ya Kagezi ilifufuka kwa sababu faili halikufungwa na hakuna aliyeandika barua ya kuacha. Kesi ya mauaji haina kuisha muda.

Boda Katwe: Nebanda je? Mbunge mzima wa Butaleja, alikufa Desemba 2012, daktari aliyekuwa anapeleka sampuli Afrika Kusini akakamatwa uwanja wa ndege Entebbe. Vipimo vilifanyika, na mpaka leo kuna watu hawaamini majibu. Maiti kupasuliwa siyo dawa kama anayeshika majibu humwamini.

Mleta mada: Hapo umenigusa, hilo ndo linanisumbua. Ndo maana nasema hakimu, mbele ya watu, siyo ripoti imefungwa kwenye droo ya kituo. Jirani aseme alichokiona na afande aseme kwa nini hakuuliza simu ziko wapi. Hata jibu likiwa moshi, basi tusikie ni moshi kutoka kwa aliyepima.

Mama Arua: Mimi nina swali moja na hakuna aliyeliuliza. Nani alisaini barua?

Mleta mada: Wazee wa ukoo.

Mama Arua: Wana majina hao wazee, usiyataje hapa, lakini jiulize mwenyewe. Kiwanja na hela za biashara zimebaki kwa nani? Huku kwetu nimeona mara nyingi tu, anayeharakisha kuzika ndo huyohuyo msimu wa mvua unamkuta analima shamba la marehemu. Sisemi kaua. Nasema anayerithi asiwe ndo anayeamua kama tutajua. Watoto walikuwa na miaka mingapi?

Mleta mada: Mkubwa 15. Hakuulizwa. Kiwanja sasa kiko chini ya mmoja wa waliosaini, "anawatunzia watoto".

Mama Arua: Basi ndo hivyo.

Mnubi wa Bombo: Hapa Mama kanibadilisha kidogo. Barua ikubalike tu kama chanzo cha kifo kinajulikana, mtu alikuwa mgonjwa, ana kadi ya hospitali. Lakini watu wawili usiku mmoja, hapana. Bado sitaki "lazima kwa wote".

Aliyefanya kazi mochwari: Na mafuta ya gari la polisi nani analipa? Maana familia ndo inaambiwa itoe transipoti ya maiti, ya daktari, ya sampuli. Maskini wengi wanaandika barua kwa sababu hiyo tu, dini haihusiki. Ukiifanya lazima bila bajeti umewaongezea deni.

Boda Katwe: Hilo ndo jambo la kwanza la maana tangu asubuhi.

Dada wa Jinja: Mleta mada, acha barua za polisi. Mtoto mkubwa akishafika 18 aandike yeye kwa hakimu na nakala kwa DPP (mkurugenzi wa mashtaka wa serikali), aombe uchunguzi wa korona na kufukua. Wakati huohuo ombeni kwa maandishi mjue faili limefikia wapi, kuna sheria ya kupata habari ya 2005, wana siku 21 za kujibu. Wanaweza kukataa wakisema upelelezi unaendelea, lakini wakisema hivyo watakuwa wamekubali kwa maandishi kwamba faili liko wazi.

Mleta mada: Hiyo nimeipenda. 18 anatimiza mwezi wa pili. Ila wazee wameshasema atakayefukua kaburi asikanyage kwao.