Naomba ushauri: Kiingereza cha watoto wa chekechea kinaishia kwenye nyimbo

Habari zenu wakuu. Nafundisha chekechea huku Igoma, Mwanza, watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Nyumbani wengi wanaongea Kiswahili na Kisukuma, Kiingereza wanakisikia kwangu tu. Nawaimbisha nyimbo za vitendo: kugusa pua, kuruka, kuhesabu sato na sangara wa karatasi (hao wanawapenda balaa).

Wimbo wanaushika haraka sana. Shida ni nje ya wimbo. Nikinyanyua samaki na kuuliza kwa Kiingereza ni nini, mtoto anaanza kuimba toka mwanzo mpaka afike kwenye hilo neno ndo anyamaze! Sasa naficha vitu kwenye kikapu, mmoja anachomoa na kutaja, wenzake wanapiga makofi. Inasaidia kiasi. Spika sina, natumia ngoma na makopo yenye kokoto.

Halafu kuna wazazi. Wao wanataka daftari lijae maandishi, tukiimba wanaona ada yao inachezewa.

Waliofundisha wadogo hawa, mnawatoaje kwenye wimbo mpaka waongee wenyewe? Mtoto akikwama nimsaidie kwa Kiswahili au nivumilie? Na hawa wazazi niwaonyeshe nini?