Nimuuzie mteja jiwe hili au nimrudishie kianzio chake?

SonaraArusha:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni sonara, nina meza hapa Arusha mjini mwaka wa 9 sasa. Nimezoea dhahabu na tanzanaiti, almasi hunijia mara chache. Sasa kuna kijana, mwalimu wa Usa River, ameniachia kianzio cha pete ya uchumba. Anataka almasi, tena ya mgodi wa Mwadui, Shinyanga, maana babu yake binti alichimba kule enzi za Williamson, mwenye mgodi.

Broka mmoja kaniletea jiwe lililokwisha kukatwa, nusu karati, limefungwa kwenye karatasi nyeupe iliyokunjwa kama ya dawa. Nimelipumulia, ukungu ukayeyuka hapo hapo. Kifaa changu cha kupimia mawe kimelia kuwa ni almasi. Anasema ni la Mwadui na lina cheti cha Kimberley, ila cheti chenyewe ni picha kwenye simu. Bei iko chini mno.

Kijana aliniuliza pia: "Nikikwama, utalinunua kwa bei hiyo hiyo?" Nilibabaika. Nishaurini.

MamaVito_Moshi:
Mdogo wangu, hapo kwenye cheti simama kwanza. Mpango wa Kimberley, tangu 2003, unahusu mawe ghafi yanayovuka mpaka. Jiwe likishakatwa halina cheti hicho. Halafu hata kwenye ghafi, mpango unazuia almasi za waasi wanaopigana na serikali tu. Mchimbaji akipigwa au kudhulumiwa na mlinzi wa mgodi, karatasi haisemi kitu. Hilo linaniuma sana.

Na kifaa chako kinapima joto. Almasi iliyotengenezwa na watu maabara nayo inapita, kwa sababu ni almasi kweli. Bei ya chini namna hiyo, mimi ningewaza huko. Lipeleke maabara ya vito.

MzaliwaWaMwadui:
Nimekulia kule, baba alikuwa mgodini. Mgodi aliugundua Mkanada John Williamson mwaka 1940. Alipofariki 1958, ukaenda kwa kampuni ya almasi ya De Beers na serikali ya kikoloni, nusu kwa nusu. Kwa nini De Beers walitaka kila mgodi? Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita wao ndio walioshika bomba: mawe ghafi yanakusanywa London, wanaouziwa ni wanunuzi wachache waliochaguliwa, yakizidi yanafungiwa ghalani ili bei isishuke. Mwaka 2004 walikiri kosa mahakamani Marekani la kupanga bei ya almasi za viwandani, wakatozwa dola milioni 10.

Kwa hiyo mjibu mwalimu ukweli: hapana, akirudi hatapata bei ile. Maneno ya kwamba almasi ni ya milele ni tangazo lao la mwaka 1947. Baba yangu alichambua mawe yale miaka yote na mama hakuwahi kuvaa hata moja.

SonaraArusha:
Asanteni sana, shikamoo mama. Nimempigia broka, nimemwambia kesho tulipeleke jiwe maabara, gharama juu yangu. Amekuja jioni hii hii kulichukua.

Nimempigia na mwalimu, nikamweleza yote, hata lile la bei. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama babu alibaki na kitu chochote cha mgodini. Jumapili wanakwenda kumuuliza. Kianzio chake kiko kwenye bahasha.

MamaVito_Moshi:
Marahaba baba. Wakirudi, utuambie babu kasemaje.