Tupeane uzoefu: kuwatembeza marafiki kwa boti nyembamba katika mifereji ya Uingereza

Mwanzisha mada, Milton Keynes

Ndugu wanachama, amani iwe kwenu. Huu ni mwaka wa sita tangu mimi na mume wangu tununue boti nyembamba, nayo tunaifunga katika Mfereji wa Grand Union, si mbali na nyumbani kwetu. Kila kiangazi tunapokea marafiki kutoka Kenya na Tanzania, na kila ugeni umetufundisha jambo ambalo hatukulijua. Naomba tukusanye hapa yaliyotupata, ili anayetarajia wageni ajue la kuwaambia kabla hawajapanda ndege. Naanza mwenyewe.

Boti yetu ina urefu wa mita 17 na nusu, lakini upana wake haufiki mita 2 na sentimita 10, na swali la kwanza la kila mgeni ni kwa nini chombo kirefu namna hii kikabanwa kama ushoroba. Jibu linatoka karne ya kumi na nane. Mfereji wa Bridgewater, uliofunguliwa mwaka 1761 ili kupeleka makaa ya mawe Manchester, ulimjengea sifa fundi James Brindley, naye alipopewa kazi ya kuchimba mifereji ya katikati ya nchi aliamua kwamba loki ziwe na upana wa futi 7 tu, kwa kuwa loki pana hula maji mengi na fedha nyingi. Tangu hapo boti zikawa zinaundwa kwa kufuata kipimo cha loki. Loki, kwa ambaye hajaiona, ni chumba cha mawe au matofali chenye malango pande mbili: boti huingia, malango hufungwa, kisha maji hujazwa au hupunguzwa kupitia vilango vidogo mpaka yalingane na maji ya mbele, na hivyo ndivyo chombo kinavyopanda na kushuka kilima.

Mwaka wa kwanza walitujia shoga yangu tuliyesoma naye sekondari na mumewe, kutoka Nairobi. Tulikuwa tunashuka loki 7 za Stoke Bruerne, nami nikamkabidhi shemeji kamba ya omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, na kumwambia aishike. Kwa nia njema kabisa aliizungusha mara tatu kwenye nguzo ya chuma iliyo ukingoni, akafunga fundo, kisha akageuka kuzungumza na wapita njia. Maji yakashuka, kamba ikakaza, na boti ikaanza kulala ubavu huku omo ikiwa imening'inia. Tulisikia sufuria na sahani zikiporomoka jikoni, na shoga yangu alikuwa ndani. Mume wangu alipaza sauti vilango vya chini vifungwe upesi, tukakimbia kufungua vya juu kidogo kidogo, maji yakapanda na kuipokea boti, kamba ikalegea. Hakuna aliyeumia, lakini mikono yangu ilitetemeka hadi jioni. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilimpa mtu kamba bila kumweleza inafanya kazi gani.

Tangu siku hiyo hatung'oi kigingi kimoja kabla sijaeleza mambo haya kwa utulivu. Kamba ndani ya loki haifungwi fundo. Huzungushwa mara moja, ikashikwa kwa mkono na kuachiwa kadiri maji yanavyoshuka. Unaposhuka, tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, isirudi nyuma ya mstari mweupe uliochorwa ukutani, kwa kuwa chini ya lango la juu kuna kizingiti kilichojificha majini, nacho kikiukamata usukani, omo huendelea kushuka na maji ilhali tezi imekwama juu, na boti zimewahi kuzama kwa namna hiyo. Wala mtu asiruke kwenda ukingoni, au kutia mguu kati ya boti na ukuta, maana chombo cha tani 15 hivi hakisimamishwi na mguu wa mtu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa maoni yangu, botini jembe lazima litolewe saa ya kwanza, wala si kwa kukosa adabu. Mgeni aliyeketishwa kwa heshima asiguse kitu ndiye anayechoka mapema, ndiye anayesimama pasipofaa, na ndiye asiyejua la kufanya mambo yanapoharibika. Je, wenzangu mmeona vipi?

Mchangiaji wa Leicester

Nakushukuru, dada, kwa kuifungua mada hii. Mgeni wetu wa mwaka juzi alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu baba, mzee aliyekuwa nahodha wa jahazi kati ya Lamu na Mombasa kwa miaka mingi, na nakiri kwamba niliona haya kumfundisha mtu kama huyo jambo lolote la chombo. Tulianzia Foxton, ambako kuna loki 10 zilizofunguliwa mwaka 1814, zimepangwa katika makundi mawili ya tano tano, na ndani ya kila kundi lango la juu la loki moja ndilo lango la chini la inayofuata. Boti hupanda mita 23 kama inayokwea ngazi. Walinzi walimweleza mzee kwamba kila loki ina kilango chekundu na cheupe, na kwamba chekundu hufunguliwa kwanza, kwani mpangilio huo ukigeuzwa maji hukosa pa kwenda na kumwagika. Alisikiliza kama mwanafunzi, akarudia maneno yale kwa Kiswahili, kisha akafungua vilango vya loki zote 10 bila kukosea hata kimoja.

Juu ya Foxton kuna mwendo wa zaidi ya kilomita 30 usio na loki, hadi Watford ya Northamptonshire, basi nikampa usukani. Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Chombo hiki hakina mkuku, ule uti wa chini wa jahazi, chini yake ni bapa, na hugeuka kwa kuzunguka kiuno chake, hivyo ukigeuza omo kwenda kulia tezi hutupwa kushoto. Tena kikirudi nyuma hakisikii usukani. Mzee alihesabu pembe yake kama aliyezoea jahazi, tukapanda kwenye matope. Nilitaka kuwasha injini kwa nguvu, akaniinulia mkono. Alikuwa ameona juu ya paa lile boriti refu ambalo kila boti hubeba, akauliza, "Mwanangu, huu si upondo?" Nikamjibu kwamba ndio wenyewe. Akatuamuru sote watano tuhamie ubavu wa pili ili tumbo la boti linyanyuke kwenye matope, akachomeka upondo, akasukuma taratibu, nasi tukaelea. Sijawahi kumwona akicheka namna ile tangu baba alipofariki.

Jioni alikagua picha za mawaridi na majumba ya kale ambazo watu wa mifereji hupaka kwenye milango na ndoo zao, akasema watu wa maji ni wamoja, kwani kwao pia jahazi halitoki bila kupambwa macho kwenye gubeti, ncha ya omo. Namuunga mkono dada: kazi ndiyo iliyompa mzee wetu safari.

Mchangiaji wa Reading

Mimi naomba kutofautiana kidogo. Tulikuwa wanawake sita tuliosoma pamoja Dar es Salaam, wanne wakiwa wageni, na tulikodi boti karibu na Devizes kwa ajili ya kushuka Caen Hill, katika Mfereji wa Kennet na Avon. Loki ni 29, na mteremko ni mita 72 katika mwendo wa kilomita 3 na kidogo. 16 kati yake zimejipanga mstari mmoja mlimani, kila moja na bwawa lake la akiba pembeni. Mfereji huo uliharibika na kuachwa kwa miongo kadhaa kabla ya watu wa kujitolea kuufufua, hadi Malkia Elizabeth wa Pili akaufungua tena mwaka 1990. Loki zake ni pana, kwa hiyo tuliingia pamoja na boti ya wazee wawili Waingereza, ubavu kwa ubavu, tukaokoa maji na nguvu.

Hata hivyo, kufikia loki ya kumi na nane wageni wangu wawili walikuwa na malengelenge viganjani, na mmoja alikaa chini akalia kwa uchovu. Alikuwa ametoka ndege ya usiku siku mbili nyuma. Jembe la saa ya kwanza ni sawa, lakini liwe jembe la kimo cha mtu: wape glovu, wape zamu, na msipange kilima cha loki kabla miili haijapumzika. Ningelirudia safari ile, ningeanza na siku mbili za maji tambarare kuelekea Pewsey, kisha ndipo tuzungumze habari za kilima.

Mchangiaji wa Birmingham

Nitasema machache. Waelezeni wageni mapema kuhusu choo. Kisanduku chake hujaa, na ninyi wenyewe ndio mtakaokibeba hadi mahali pa kumwagia. Maji ya kuoga pia ni ya tangi, si ya bomba lisilokauka. Anayetaka kuja Desemba aambiwe kwamba miezi ya baridi baadhi ya loki hufungwa kwa matengenezo, na kwamba jiko la makaa halilazwi likiwaka bila king'ora cha hewa ya sumu kinachofanya kazi.

Mchangiaji wa Coventry

Wageni wetu walikuwa Waislamu kama sisi, wa Zanzibar, na jambo ambalo hatukulitafakari ni kibla. Mfereji wa Oxford, hasa upande wa kusini kati ya Napton na Claydon, ulichimbwa kwa kuzunguka vilima badala ya kuvikata, kwa hiyo unaweza kuliona kanisa moja kulia kwako, baada ya muda ukalikuta kushoto. Swala ya kwanza tuliisali boti ikitembea, na kabla ya rakaa ya pili tulikuwa tumeelekea kwingine kabisa. Baada ya hapo tulikuwa tukifunga boti ukingoni kila inapofika adhuhuri, tukatandika mikeka kwenye njia ya kando ambako zamani farasi walivuta vyombo hivi, na tukapika palepale. Mwendo wa boti una kikomo cha kilomita 6 na kitu kwa saa, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Rafiki yangu alisema ndiyo likizo ya kwanza ambayo hakuswali kwa haraka.

Mwanzisha mada

Nashukuruni nyote. Dada wa Reading ananisahihisha kwa haki. Nitanunua glovu, na siku ya kwanza tutaipumzisha.

Kuna jambo la Stoke Bruerne ambalo sikulieleza. Baada ya kuokota vyombo tulirudi kwa miguu hadi kwenye jumba la makumbusho, ambako huonyeshwa chumba cha nyuma cha boti za mizigo: urefu wake ni kama mita 3, na ndani yake familia nzima ililala, ilipika na kulea watoto, kizazi hadi kizazi. Shoga yangu, ambaye ana watoto wanne, alikaa kwenye ubao uliokuwa kitanda cha mama wa boti, akanyamaza kwa muda mrefu. Hakulalamika tena kuhusu ufinyu wa jiko letu, wala sikumwomba aache kulalamika.

Yeye na mumewe wanarudi Juni. Safari hii tutapita handaki la Blisworth, lililofunguliwa mwaka 1805, lenye mita 2,813 za giza na matone yanayodondoka kutoka kwenye mashimo ya hewa, ambamo hapakutengenezwa njia ya farasi, na watu walilala chali wakaisukuma boti kwa kukanyaga kuta. Kisha tutazishuka tena loki zile 7. Shemeji ameniandikia akiomba apewe kamba ya omo ileile, nami nimemjibu kwamba inamsubiri.