Nta ya nyuki na rangi: kwa nini tabaka za picha zangu zinabanduka?

Mchoraji wa Miombo (Tabora):
Wanajukwaa, salaam. Kwa mwaka mmoja sasa ninachora kwa nta ya nyuki niliyoiyeyusha na kuichanganya na rangi, na ninachokitafuta si umbo la mti bali wekundu wa majani machanga ya miombo yanapochipua kabla ya mvua. Hata hivyo, tabaka za juu hubanduka kama magamba, na picha ikikaa wiki kadhaa hutanda ukungu mweupe. Je, kosa liko kwenye nta au kwenye mkono wangu?

Fundi Ubao:
Ndugu, nta haina kosa. Jina la Kigiriki la uchoraji huu, enkaustiki, lina maana ya kuchoma ndani, na hapo ndipo wengi tunapokosea: kila tabaka jipya sharti lipulizwe hewa ya moto mpaka ling'ae na kushikana na lile la chini. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi. Ukiona inafuka moshi, umezidisha, nawe fungua madirisha. Wengi huongeza utomvu wa miti uitwao damar, takriban sehemu 1 kwa sehemu 8 za nta, ili picha iwe ngumu zaidi. Sandarusi yetu ya pwani, ambayo pia ni utomvu wa mti, usiijaribu, kwani huhitaji joto kali mno. Ukungu huo si kuvu. Futa taratibu kwa kitambaa laini cha pamba. Ubao wako umeupaka nini kwanza?

Mwalimu wa Sanaa:
Watakaokuambia kwamba nta haidumu, wakumbushe picha za nyuso za Fayum, Misri, ambazo baadhi yake zilichorwa kwa nta na zimepita miaka 1,700. Kuhusu mti usioonekana, mtazame mchoraji Mmarekani Brice Marden, ambaye katika miaka ya 1970 alichora mfululizo uliotokana na mashamba ya mizeituni ya kisiwa cha Hydra, Ugiriki, bila kuchora hata jani moja. Kwa haki, yeye alichanganya nta na rangi ya mafuta wala hakuichoma, kwa hiyo kazi yake ni binamu tu wa hii yako.

Mchoraji wa Miombo:
Ahsanteni. Fundi, niliupaka rangi ya maji ya ukutani.

Fundi Ubao:
Basi umejijibu. Rangi hiyo huziba vinyweleo vya ubao, nta ikakosa pa kushika. Kwangua, anza na mbao tupu, na nta uliyoikwangua uiyeyushe tena.