Shangazi, "weave" ni kusuka au kufuma?

Neema: Shikamooni wote. Kazi ya nyumbani: neno "weave", tutafute visawe vitano na tutunge sentensi. Kamusi ya simu imeniletea kusuka, kufuma, kutunga, kusokota na kuyumba. Mimi nataka vya Kiingereza jamani 😭

Rashidi: braid, plait, knit, interlace, twine. Tano hizo. Kalale.

Baba Mdogo: Marahaba Neema. Rashidi, usimpoteze mtoto. Hayo ni majirani wa weave, siyo pacha wake. Ukimpachikia lolote popote atapigwa mkasi.

Shangazi Zuhura: Marahaba mwanangu. Kwanza niambie, unasuka nini?

Neema: Sijui shangazi, neno limekuja peke yake.

Shangazi Zuhura: Basi ndiyo maana linakusumbua. Nywele unashika mikia mitatu. Wa kulia unaruka wa katikati, sasa wenyewe ndiyo katikati. Wa kushoto nao unauruka huo. Hakuna uliotulia, yote inatembea. Huko ndiko kusuka.

Baba Mdogo: Na kwa Kiingereza hiyo ni plait au braid. Waingereza wanapenda plait, Wamarekani braid. Siyo weave.

Rashidi: Kwani wivingi je? Si nywele hizo?

Shangazi Zuhura: Wivingi ni nywele za kushonea juu ya zako, Rashidi. Unazisuka zako kwanza zilale, halafu unashonea. Usiingilie kazi za watu 😂

Baba Mdogo: Weave yenyewe hasa ni ya nguo. Nyuzi zinatandwa, zinakazwa, hazitembei: huo ni mtande. Uzi mwingine unavuka, juu ya mmoja, chini ya mmoja: huo ni mshindio. Ukirudi unapishanisha, uliopita juu sasa unapita chini.

Ma'mdogo Halima: Mbona mimi nafuma masweta miaka yote na huo mtande sijawahi kuuona?

Baba Mdogo: Shemeji, hiyo ni knit. Uzi mmoja unajipenyeza kwenye vitanzi vyake wenyewe. Sindano mbili ni knit, kulabu moja ni crochet. Sisi yote tunaita kufuma. Ukimwambia Mwingereza "I weave sweaters" atafikiri una mtambo wa vitambaa sebuleni.

Rashidi: Haya, na kikapu? Sisi tunasuka kikapu, wao wana-weave kikapu.

Baba Mdogo: Swali zuri, nimekusamehe ya kwanza. Nionavyo mimi, Kiswahili kinaangalia kilicho mkononi: uzi unafumwa, ukili, kamba na nywele zinasukwa. Kiingereza kinaangalia namna vinavyopishana. Vikivukana juu na chini ni weave, viwe nyuzi au ukindu.

Neema: Sijaelewa hapo kwenye juu na chini.

Ma'mdogo Halima: Kata karatasi vipande virefu vyembamba. Vitano viweke wima mezani, kando kando. Kingine kipitishe kwa kulala, juu, chini, juu, chini, juu. Ongeza vya kulala vinne hivi.

Neema: Ngoja.

Neema: 📷 Mbona vya kulala vimesogea vyote pamoja? Nikikivuta kimoja kinatoka kirahisi.

Ma'mdogo Halima: Kwa sababu kila mstari umeanza juu. Wa pili ulitakiwa uanze chini. Hapo hakuna kinachomzuia mwenzake, umerudia njia ile ile tu.

Neema: Aaaah. Narudia.

Rashidi: Wakati anarudia, nikiri dhambi. Niliwahi kutafsiri "the cyclist weaved through the crowd". Nikaandika "mwendesha baiskeli aliwasuka watu".

Shangazi Zuhura: 😂😂😂 Mistari au rasta?

Ma'mdogo Halima: Ungesema alipenyapenya kwenye umati. Au alichomekea.

Baba Mdogo: Na hapo angalia, ni weaved, siyo wove. Nguo inasemwa wove, woven. Ya kupenya huku na huku kwa kawaida ni weaved, kwa sababu inadhaniwa kuwa ni neno jingine kabisa lililofanana sauti, lenye asili ya lugha za kaskazini mwa Ulaya. Visawe vyake ni zigzag na dodge. Braid hapo haina kazi.

Rashidi: Neno moja, mizizi miwili. Kiingereza bwana.

Shangazi Zuhura: Kwani sisi je? Kusuka nywele na kusuka maziwa ni kitu kimoja?

Ma'mdogo Halima: Na kufuma kitambaa na kumfuma mnyama kwa mshale? Huenda ndiko ilikotoka kufumania.

Rashidi: Nimekaa kimya 🙊

Baba Mdogo: Na yale ya mafumbo. Kwa Kiingereza una-weave hadithi. Sisi hadithi tunatunga, tunachosuka ni njama. Kocha naye anafumua kikosi na kuisuka timu upya. Hapo Kiingereza kinasema rebuild, nyuzi hazimo kabisa.

Rashidi: Mfumo je? Umetokana na kufuma?

Baba Mdogo: Ndiyo! Jinsi kitu kilivyofumwa. Kila ukiambiwa "mfumo uko chini" ujue kuna nyuzi zimelegea 😄 Na text ya Kiingereza imetoka kwenye texere ya Kilatini, maana yake kufuma. Kwa hiyo hata hapa tunafuma.

Shangazi Zuhura: Wewe unafuma, sisi tunasoma. Twine bado hamjamweleza mtoto.

Baba Mdogo: Twine ni kusokota, au kujizonga kama mmea unaopanda mti. Mmoja unaweza kujizungusha peke yake kwenye kitu, weave haiwezi. Interlace ndiyo iliyo karibu zaidi na weave, ila ni ya kimaandishi. Ni nzuri kwa vidole vya mikono miwili vilivyopishana.

Neema: 📷 Imeshika! Nimeiinua na haimwagiki.

Ma'mdogo Halima: Safi. Zikaze pembeni ukunje ncha, zisije zikatoka.

Neema: Sasa naandika: plait ya nywele, knit ya sweta, interlace ya vidole, twine ya mmea, zigzag ya baiskeli. Sawa?

Baba Mdogo: Sawa. Pembeni ya kila moja andika kinachofanywa, mwalimu asikuonee.

Rashidi: Na ya baiskeli usiandike "aliwasuka".

Shangazi Zuhura: Neema, hizo zako za kichwani tangu lini? Jumamosi uje nizifumue.