Shindano la baleti la vijana Kigoma kuchangia wodi ya watoto: tupange vipi?

mratibu_mwanga

Habari wakuu. Kikundi chetu cha sanaa hapa Kigoma mjini kinaandaa shindano la baleti la siku moja kwa vijana wa miaka 8 hadi 18, na mapato tunataka yaende wodi ya watoto hospitali ya Maweni. Tumeahidiwa ukumbi wa shule wenye viti 300, sakafu ya saruji, umeme wa kawaida. Tunatarajia wachezaji 40 wa mmoja mmoja na vikundi 8. Ada ni 10,000 kwa mchezaji, 30,000 kwa kikundi, tiketi 5,000. Tumelenga Jumamosi ya mwisho wa Juni, shule zikiwa zimefungwa na mvua zimeisha.

Naomba wenye ujuzi mnisaidie: sakafu ile ya saruji inafaa au la? Majaji wapangweje? Na fedha zifike vipi hospitali bila maneno maneno?

mwalimu_hatua

Mkuu, anza na sakafu kabla hujachapisha bango hata moja. Mtoto akiruka kwenye saruji, kishindo chote kinarudi kwenye muundi, goti na kiuno. Mazoezi ya wiki kadhaa juu ya saruji huleta maumivu ya ugoko, na yakipuuzwa mfupa hupata nyufa ndogo. Vigae ni balaa zaidi kwa sababu vinateleza pia.

Sakafu inayonepa unaweza kuijenga kwa vifaa vya Kigoma. Chukua plaiwudi ya milimita 12, ile ya futi 8 kwa 4. Bodi 24 za safu ya chini zinakupa jukwaa la mita 9.76 kwa 7.32, linalotosha mchezaji mmoja kuzunguka kwa raha na kikundi cha watoto 8. Safu ya juu bodi 24 nyingine. Chini kabisa panga vipande vya sponji ngumu ya kubanwa, sentimita 10 kwa 10, unene wa 5, kila baada ya sentimita 30 hivi. Vinatoka safu 33 kwa 25, yaani vipande 825. Sponji laini ya godoro la kawaida usiitumie, hujikunja yote mtoto akitua na bodi inagonga saruji kama vile hukuweka kitu.

Kosa linaloharibu kazi ni viungo kuangukiana. Safu ya juu ilazwe kwa kukingamana na ya chini, na ianze na kipande cha sentimita 61 pande zote mbili, ndipo hakuna kiungo kitakachokaa juu ya kiungo. Ukikata vizuri bodi ni zilezile 24. Skrubu ziwe za milimita 20, maana unene wa safu mbili ni 24. Ndefu zaidi zitatokeza chini na kuchana sponji. Kila kichwa cha skrubu kizame ndani ya mbao, kisha pitisha kiganja sakafu nzima kabla ya kufunika.

Juu yake tandika kapeti la mpira lisilong'aa, unganisha kwa tepu pana, usiache mkunjo. Lifutwe kwa maji na siki kidogo. Sabuni ya maji huacha utelezi usiouona. Na asilete mtu unga wa utomvu wa msonobari eti viatu vishike; kwenye kapeti la mpira hugeuka uchafu wa kunata, mguu ukabaki nyuma wakati mwili unazunguka, na goti ndilo linalolipa.

Viatu: laini vya turubai au ngozi, mpira wa kushikilia ushonwe, usifungwe fundo. Viatu vya kusimamia vidole vikatazeni kabisa mwaka huu. Hivyo si vya kabla ya miaka 11 au 12, na hata hapo anayevivaa awe na mafunzo ya miaka kadhaa mfululizo na kifundo chenye nguvu. Mkiviruhusu, kila mzazi atataka mwanawe avivae kwa sababu vinapendeza.

hesabu_safi

Nimepiga hesabu zako mkuu. Viti 300, toa 40 vya majaji, walimu na wageni, zinabaki tiketi 260, sawa na 1,300,000. Ada za wachezaji 400,000, vikundi 240,000. Jumla 1,940,000 ukijaza ukumbi. Sasa chukua plaiwudi 48. Ukizikuta kwa 35,000 kila moja ni 1,680,000. Imebaki 260,000, na hujalipa sponji, kapeti, spika, majaji wala maji. Kwa mpango huo wodi ya watoto haipati kitu.

Kwa hiyo tenganisha mifuko miwili tangu siku ya kwanza. Gharama zote zibebwe na wadhamini, tena kwa vitu zaidi kuliko fedha: mwenye duka la vifaa vya ujenzi akopeshe bodi, mwenye hoteli alaze majaji, mwenye mabasi abebe watoto wa Kasulu na Uvinza. Tiketi na ada ndizo za watoto wagonjwa. Wadhamini wasipotimia mpaka wiki nne kabla, punguza jukwaa au sogeza tarehe, usiguse fedha ya tiketi. Na usiandike kwenye bango kwamba mapato yote yanaenda hospitali mpaka gharama zimepata mwenyewe. Watu wa Ujiji na Mwanga watakuuliza, na wana haki.

Bodi mkilazimika kununua, msizifungie stoo. Mafundi wanaomwaga zege hununua plaiwudi iliyotumika, matundu ya skrubu hayawasumbui. Kubalianeni nao bei kabla ya shindano.

Tiketi zichapwe kwa namba mfululizo, zenye kishina. Mlangoni wawe wawili, mmoja anapokea, mwingine anachana, na wasiwe ndugu. Lipa Namba isajiliwe kwa jina la kikundi. Ikiwa kwenye simu ya mtu binafsi, hata akiwa mwaminifu namna gani, hamtaweza kuonyesha fedha ipi ilikuwa yake na ipi ya watoto. Akaunti ya benki iwe na watia saini wawili au watatu. Fedha taslimu zihesabiwe ukumbini siku hiyohiyo mbele ya mzazi mmoja na mwakilishi wa hospitali, wote watie saini karatasi moja.

Bahati nasibu iacheni. Hiyo iko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na inahitaji leseni. Fanyeni mnada wa wazi wa picha au vikapu vya Kiha, unaleta fedha bila kuwaingiza matatani. Kibali cha tukio la sanaa anza kwa afisa utamaduni wa manispaa, yeye atakuelekeza taratibu za BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na barua ya polisi ipelekwe mapema. Muziki nao una wenyewe. Tchaikovsky alifariki mwaka 1893, utunzi wake hauna mwenye haki leo, lakini rekodi ya okestra iliyoupiga inaweza kuwa na haki zake. Ulizeni Ofisi ya Hakimiliki kabla ya kupiga ukumbini.

mratibu_mwanga

Nawashukuru sana. Hesabu ya @hesabu_safi imenifungua macho, tutaanza na wadhamini. Naomba ufafanuzi kwa majaji, maana wajuzi wa baleti hapa mkoani ni wachache. Na je, hospitali tuipe fedha au vifaa?

wodi_ya_chini

Najibu la hospitali. Msinunue chochote kabla ya kumwandikia mganga mfawidhi na kuomba orodha ya mahitaji iliyosainiwa. Watu hununua kinachopendeza kwenye picha. Mashine ya kutengeneza oksijeni ikija bila vichujio vya akiba na bila kidhibiti cha umeme, itaungua au itaziba na kuwekwa pembeni. Kipimo cha oksijeni cha kidole kilichotengenezwa kwa mtu mzima hakishiki kidole cha mtoto wa miezi sita, kinatoa namba za uongo. Mkinunua, kiwe na kishikio cha watoto, na vishikio vya akiba viwili, kwa sababu ndivyo vinavyokatika kwanza. Muulizeni fundi wa vifaa tiba wa hospitali aina anayoweza kuitengeneza, nunueni hiyohiyo.

Kwa kiwango cha milioni moja na nusu hadi mbili, mimi ningeangalia vitu vidogo vinavyotumika kila saa: vipimo hivyo vya oksijeni, mizani ya watoto, mashine za kupulizia dawa ya pumu pamoja na barakoa za ukubwa wa watoto, vyandarua vya vitanda vya wodi. Dawa msichangishe hata kidogo. Zina taratibu zake za TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na za ununuzi, na zilizobakiza miezi michache kuisha muda huwa mzigo wa kuteketeza.

Mkichagua kutoa fedha, isipitie mkononi mwa mtumishi. Ombeni hospitali itoe kontroli namba ya serikali, mlipe benki au kwa simu, risiti iwe ya jina la kikundi. Vifaa viwe na hati ya makabidhiano nakala tatu, na vioneshwe vimeingizwa kwenye leja ya stoo kabla ya picha za makabidhiano.

Kuna jambo moja zaidi ambalo halina gharama. Utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliikuta Kigoma ikiongoza nchini, kama mtoto mmoja kati ya wanne wa chini ya miaka mitano alikuwa na vimelea. Malaria kali hummaliza mtoto damu, na damu haiuzwi dukani. Iombeni timu ya Damu Salama iweke meza nje ya ukumbi. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi. Wazazi wenu watakuwa pale kutwa nzima.

Kwa usalama wa wachezaji: mabonge ya barafu ndani ya taulo kwa aliyeteguka, dakika 15 hadi 20, na asirudi jukwaani siku hiyo hata akilia. Mlo mwepesi saa mbili kabla, maji muda wote. Pedi ziwepo chumba cha wasichana bila mtu kulazimika kuomba.

mwalimu_hatua

Kuhusu majaji, uliza TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, wana walimu wa dansi wenye jicho la mwili na muziki, kisha tafuta angalau mmoja au wawili wa baleti hasa kutoka Dar. Watano ni bora kuliko watatu kwa sababu unaweza kuondoa alama ya juu kabisa na ya chini kabisa. Mfano, mtoto amepata 78, 80, 81, 83 na 95. Wastani wa zote ni 83.4, ukiondoa 78 na 95 anapata 81.3. Ile 95 ya jaji aliyependezwa mno isingempora mwingine nafasi. Jaji asimhukumu mwanafunzi wake, na karatasi zijumlishwe na watu wawili waliokaa mbalimbali, kisha walinganishe.

Alama 100 ningezigawa hivi: ufundi 40, kusikia muziki 25, uwasilishaji 25, nidhamu 10. Watoto wa miaka 8 hadi 10 wasipangwe wa kwanza hadi wa mwisho, wapewe daraja la dhahabu, fedha au shaba. Halafu 11 hadi 13, na 14 hadi 18.

Ila kitu kitakachowafaa zaidi Kigoma ni darasa la wazi. Prix de Lausanne, shindano la Uswisi lililoanza mwaka 1973, majaji wake huwatazama vijana darasani pia, siyo jukwaani tu. Fanyeni hivyo Ijumaa alasiri: saa moja na nusu, wote mazoezi yaleyale, majaji wanaandika. Mtoto aliyekaririshwa dansi moja kwa miezi mitatu ataonekana, na mwenye msingi mzuri lakini asiye na mwalimu wa kumtungia dansi naye ataonekana. Darasa lipewe 30 kati ya zile 40 za ufundi. Hapo pia kila mtoto anaondoka na somo kutoka kwa mtu anayeijua kazi, hata kama hakushinda.

Mavazi: ruhusuni suruali ya kubana ndefu, mikono mirefu na mtandio uliobanwa kwa pini bapa, na iandikwe kwenye kanuni kwamba hakuna alama inayokatwa. Mkikaa kimya, wasichana wengi wa Ujiji hawatajiandikisha.

spika_mbili

Ratiba na sauti. Mchezaji mmoja dakika 2 na nusu, kuingia na kutoka pamoja na majaji kuandika dakika 2. Kwa 40 hiyo ni saa tatu kamili. Vikundi 8, dakika 7 kila kimoja pamoja na mabadiliko, ni dakika 56. Mapumziko nusu saa, kujumlisha alama nusu saa. Mkianza saa nne asubuhi mnamaliza saa tisa kasoro, ikiwa mshereheshaji hageuzi kila jina kuwa hotuba. Adhuhuri huku kwetu inaingia saa saba na dakika kidogo, mapumziko yawekwe hapo.

Muziki upokelewe siku saba kabla, faili moja kwa kila mchezaji, jina lianze na namba yake: 01, 02, siyo 1, 2, la sivyo kompyuta au simu inaweza kupanga 10 kabla ya 2. Nakala iwe kwenye kompyuta, flashi, na simu iliyozimwa mtandao. Sauti ya simu ikiingia katikati ya mzunguko, mtoto anapoteza mizani.

Spika mbili za watazamaji hazitoshi, weka moja pembeni ya jukwaa ielekee wachezaji, wasiposikia mapigo watachelewa. Jenereta ya kVA 5 inabeba sauti na taa za LED. Iwe nje, upande upepo unakokwenda, na iwashwe tangu mwanzo. Mkisubiri umeme ukatike ndipo mkimbilie kamba, mtoto atakuwa amesimama gizani mguu mmoja juu.

Vyumba vya kubadilishia viwe viwili, mlango wa wasichana ulindwe na mama mmoja, wa wavulana na baba mmoja, simu zibaki nje. Picha za watoto zipigwe na mpiga picha mmoja mwenye beji, kwa idhini ya mzazi iliyoandikwa kwenye fomu ya usajili. Fomu hiyohiyo iwe na namba ya simu ya mzazi, ugonjwa kama pumu au selimundu, na jina la anayeruhusiwa kumchukua mtoto. Wanaotoka Kasulu na Uvinza wawe na mlezi mmoja kwa watoto wanane, wasafiri mchana.