Ushauri: Binti wa miaka 12, mwili mdogo, anahitaji shotigani ya kupigia visahani

Baba Neema
Wakuu, habari za masiku. Nipo Minnesota mwaka wa kumi na moja sasa. Binti yangu ana miaka 12, urefu sentimita 145, uzito kilo 36 akiwa na koti. Shuleni kwao kuna timu ya kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, ile ligi iliyoanzia hapahapa Minnesota mwaka 2001, na rafiki yake kamvuta. Kozi ya usalama wa silaha kamaliza, cheti anacho. Imebaki bunduki, na hapo ndipo nimekwama, maana silaha pekee niliyoiona kwa karibu huko nyumbani ni gobore la babu, na hilo nalo nilikatazwa kuligusa.

Jirani yetu, mtu mwema kabisa, alituazima ya kwake, geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, namba ikipungua mtutu unapanuka). Binti akapiga tatu. Ya tatu akalia. Usiku mama yake akaona bega limevilia damu, na maneno niliyoyasikia usiku ule ninayaacha. Sasa dukani wamenionyesha pampu fupi (ile unayovuta kwa mkono kila baada ya kupiga) ya geji 20, nyepesi kama fagio, chini ya dola 500. Jumamosi naenda kulipa. Nilipe?

Kibuyu
Mkuu, mtoto wa miaka 12 na bunduki wapi na wapi? Si umpeleke netiboli? Haya, ngoja waje wajuzi, mimi nimekaa pale.

Baba Neema
Nilisema hivyohivyo. Nikaelezwa bunduki haifiki shuleni kabisa, mazoezi ni kwenye viwanja vya shabaha, kocha yuko nyuma ya watoto muda wote, na bunduki inakaa ikiwa imefunguliwa, bila risasi, mpaka zamu ya mtoto ifike. Na netiboli huku sijaiona.

Kobe Mzee
Usilipe kwanza. Nimesimama nyuma ya watoto kwenye mstari wa visahani miaka kadhaa, na wazazi wengi wanajikwaa kwenye kisiki hichohicho: mtoto mdogo, basi bunduki nyepesi. Teke linatokana na uzito wa marisau, zile chembe ndogo ndani ya risasi, na kasi unayoyarushia. Kinacholimeza ni uzito wa bunduki yenyewe. Geji 20 ya kilo mbili na nusu, ukiilisha gramu 25 za marisau, inaweza kumpiga bega sawasawa na geji 12 ya kilo tatu na nusu yenye risasi laini ya gramu 28. Hilo fagio lako litamchapa.

Halafu niambie, jirani alimpa risasi gani? Kama ni zile za kuwindia batamzinga, hata mimi ningelia.

Ukiweza, tafuta geji 20 inayojipakia yenyewe kwa gesi, saizi ya watoto. Sehemu ya gesi ya baruti inatumika kusukuma mtambo, kwa hiyo bega linasikia msukumo mrefu badala ya kofi. Za Uturuki zina bei ya kuongeleka. Kama mfuko unaruhusu pampu tu, chukua pampu, lakini mpe risasi za gramu 25 au pungufu, za mwendo mdogo. Hapo ndipo utakapookoa bega kwa bei rahisi kuliko popote.

Sasa kitako. Pima kuanzia kifyatulio hadi mwisho wa mpira wa begani. Za watu wazima ni inchi 14 na kitu. Wako nadhani atakaa kwenye 12 na nusu. Mossberg 500 Super Bantam inakuja na kipande cha kuongezea, unaanza na 12 unafika 13 akirefuka. Achana na kile kipimo cha kuweka kitako kwenye kiwiko uone kama kidole kinafika, kinadanganya. Hakikisha bunduki haina kitu, mwambie ailete shavuni, kisha tazama: kati ya pua yake na kidole gumba cha mkono wa kifyatulio viingie vidole viwili au vitatu. Na umtazame kwa ubavuni. Akiegemea nyuma kama mama mwenye mimba ya miezi minane, imemshinda, ama kwa urefu ama kwa uzito wa mbele.

Nyangumi254
Mbona asianze na ile ndogo ya nne-kumi, yenye mtutu mwembamba kuliko geji 20? Haina teke kabisa. Kijana wangu alianzia hapo tukiwa Kansas.

Mama Tausi
Kaka Nyangumi, teke haina, na marisau pia haina. Inarusha gramu 14 hivi. Kisahani kina upana wa sentimita 11 tu na kinakimbia. Mtoto atakosa 20 kati ya 25, aamini hajui, aache. Nne-kumi ni bunduki ya mafundi.

Baba Neema, mimi nina wawili kwenye timu, wa kike wote. Jambo ambalo wenye maduka hawaulizi ni shingo. Watoto wetu wa kike wengi wana shingo ndefu, kwa hiyo kitako kikiwa sawa begani, shavu linaelea juu ya mti wa kitako halijagusa. Akifyatua, mti unakuja kumpiga taya. Nunua mto wa kubandika juu ya kitako, bei yake ya chapati tu.

La pili, jicho. Kabla hujatoa hata dola moja, mwambie anyooshe mikono yote miwili, aache tundu dogo kati ya viganja, akutazame pua kupitia hapo, macho yote wazi. Jicho utakaloliona kwenye tundu ndilo linalotawala, na bunduki ikae bega la upande huohuo.

La tatu, nakuomba sana. Kama bunduki ya jirani ya geji 12 bado iko kwenu, risasi za 20 zisikae nayo mfuko mmoja. Ya 20 ikiingia kwenye mtutu wa 12 inateleza inakwama mbele, unaona chumba cha risasi kitupu, unaweka ya 12 nyuma yake. Mtutu unapasukia mkononi. Ndiyo maana za geji 20 zina rangi ya njano.

Mwana wa Ujiji
Niongezee upande wa sheria. Duka halimuuzii shotigani mtu chini ya miaka 18, kwa hiyo fomu unajaza wewe mzazi kwa jina lako. Kama una kadi ya kijani au uraia, karatasi zako hazina neno. Wanaosoma hapa wakiwa na viza ya masomo au matembezi, msicheze: kwa kawaida sheria ya Marekani inawakataza kumiliki silaha na hata risasi, isipokuwa kwa vigezo maalumu. Muulizeni mwanasheria kwanza. Na hapo Minnesota, kuacha bunduki yenye risasi mahali mtoto anaweza kuifikia ni kosa la jinai. Kabati la chuma, risasi kando.

Baba Neema
Narudi na mrejesho. Jirani nilimuuliza. Batamzinga kweli. Kaomba radhi mpaka nikamwonea huruma.

Jumanne tulienda uwanjani, kocha akamwazimisha Neema geji 20 ya gesi. Akapiga nane bila kulalamika. Kisha kocha akamwekea ganda tupu bila kumwambia. Mtoto akaita, kisahani kikatoka, akavuta. Tik. Mtutu ukazama chini kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo, macho kayafumba yote. Kumbe ile siku ya jirani bado imo mwilini. Kocha kasema wiki mbili risasi laini pekee, na baada ya kila chache anachanganya ganda tupu.

Na jicho, Mama Tausi! Tumejaribu jikoni mara sita, mama yake akitazama. Ni la kushoto. Mtoto anaandika kwa mkono wa kulia.

Kobe Mzee
Basi mhamishie bega la kushoto sasa hivi, kabla mwili haujazoea. Atakereka wiki tatu. Wengine wanabandika utepe kwenye kioo cha kushoto cha miwani, inafanya kazi, ila kwa mtoto anayeanza mimi ningehamisha. Na hapo hesabu ya bunduki inabadilika: zile zinazojipakia nyingi zinatupa maganda kulia, yatakuwa yanampita mbele ya macho. Tafuta iliyotengenezwa kwa mashoto. Ikikosekana, Mossberg ina sefti (kizuizi cha kufyatua) juu mgongoni, kidole gumba cha mkono wowote kinaifikia.

Baba Neema
Duka nimeshawapigia, wamefuta ile pampu. Kocha ana moja ya mashoto, kitako kinahitaji kukatwa nusu inchi. Anasema kile kipande kikikatwa nikitunze.

Mama Tausi
Kitunze. Wangu alikihitaji baada ya miezi saba.